Kofia ya Hamad bin Kombo

Walikuwapo wanawake watatu mjini Wete, kila mmoja na lake alilojaliwa. Raya binti Mbarouk alijaliwa kuchora. Akishika penseli na kitambaa cheupe, nakshi ya kofia humtoka mkononi bila ya kufuta. Riziki binti Shaame alijaliwa kurekebisha. Nguo iliyoharibiwa na mshonaji mwingine ikipita kwake, huoni tena palipoharibika. Zuwena binti Faki, mdogo wao, alijaliwa subira ya sindano. Aliweza kushona vitundu vya kofia, vile vya kupitisha hewa, kutwa nzima asiinue kichwa.

Mwanamume alikuwa mmoja, Hamad bin Kombo, mkwezi wa mikarafuu. Riziki alimzaa. Raya aliwahi kuwa mkewe, akaachwa. Zuwena alikuwa mchumba wake, na harusi ilipangwa msimu wa karafuu ukiisha.

Kwao, mchumba humshonea mume mtarajiwa kofia kwa mkono wake, na mwanamume haioni mpaka siku ya harusi. Zuwena alijua kushona, kuchora hakujua. Na mchoraji wa kutegemewa alikuwa mmoja tu. Akavaa buibui, akaenda.

"Hodi, Dada Raya."

"Karibu. Umepotea njia, mwenzangu, au umetumwa?"

"Nataka unichoree kofia."

"Ya nani?"

Zuwena akakunjua kitambaa cheupe alichokuja nacho. Raya akacheka mpaka akakaa chini.

"Una uso mkavu wewe! Mtu aniache, kisha kofia yake ya harusi nimchoree mimi? Hebu lete hicho kitambaa kabla akili hazijanirudia."

Akachora vikonyo vya karafuu vilivyofumana, nakshi ambayo hakuwahi kumchorea mtu. Zuwena alipotoa fedha, Raya aliurudisha mkono wake.

"Sikuuzii. Nikikuuzia, itakuwa yako yote. Chukua bure, na mimi niwe nimo ndani."

Zuwena akashona. Alishona mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato. Kofia ilipokwisha, akaipeleka kwa mama yake Hamad itiwe wanga na kukaushwa kwenye faroma, kile kigogo cha mti kilichochongwa mfano wa kichwa. Kofia ikakataa kuingia.

"Mwanangu, umempimia nani?" akauliza Bi Riziki. "Hiki kichwa cha mtoto wa chuo cha Kurani!"

"Nilipima kofia yake ya zamani, Mama."

"Ile imesinyaa kwa kufuliwa. Mwenyewe anaibandika tu utosini."

Zuwena akaona kazi yake yote imekwenda bure. Lakini Bi Riziki aliufumua mshono, akakata kipande cha kanzu ya marehemu mumewe, akakipachika, na juu yake akaendeleza nakshi. Zuwena aliigeuza kofia huku na huku, asipaone palipoungwa. Ikatiwa wanga, ikavishwa faroma, ikaanikwa.

Ilikuwa bado na unyevu watu walipokuja kusema tawi limekatika na Hamad ameanguka. Walimrudisha akiwa maiti.

Siku za matanga Zuwena alikaa na wanawake, akachagua mchele. Aliona jiwe, akalitoa, akaliweka pembeni. Akatafuta jingine.

"Ndiye mchumba yule?" mmoja alinong'ona.

"Ndiye. Maskini, hata eda hana ya kukaa."

Alisikia, na hakuhisi kitu. Alijaribu kulia kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Haikuja. Akaendelea na mchele.

Matanga yalipokwisha, Shehe bin Juma, ndugu wa baba yake Hamad, aligawa vitu vya marehemu kwa sheria ya mirathi. Kofia ikabaki. Haikuwa ya marehemu, kwani hakupata kupewa. Akaiweka juu ya mkeka, akawaita wale watatu.

"Ami, mimi sidai mume," alisema Raya. "Huyo nilimpoteza angali hai. Nadai nakshi yangu. Sikuiuza."

"Bila mimi hiyo ingebaki kofia ya mtoto," alisema Bi Riziki. "Na ndani yake mna kanzu ya mume wangu. Baba na mwana, kilichobaki chao kimo humo. Nikitoe nyumbani mwangu, kiende wapi?"

"Nawe, Zuwena?"

Zuwena alitazama vidole vyake.

"Mama atabaki kuwa mama yake. Dada Raya ana miaka aliyokaa naye. Mimi nikitoka mlango huu, hakuna kitakachosema kwamba nilikuwa wake. Kofia hii tu."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Raya hakuweza kuvumilia.

"Basi lia, mtu! Lia, tukuamini!"

"Haiji, Dada."

Raya akainamisha kichwa. Bi Riziki akamsogezea Zuwena kikombe cha maji, lakini jicho lake halikutoka kwenye kofia.

"Au iuzwe, mgawane?" Shehe alijaribu.

"Hapana!" walisema wote watatu kwa pamoja. Ndilo neno pekee walilokubaliana.

Shehe bin Juma aliinuka kwenda kusali alasiri, akasema akirudi atatoa hukumu. Wanawake wakabaki, kofia katikati yao, na hakuna aliyeinyooshea mkono. Nakshi ni ya Raya, vitundu ni vya Zuwena, na asingekuwa Riziki isingeingia kichwani mwa mtu mzima. Ondoa kazi ya mmoja wao, na kofia hakuna.

Msikilizaji, Shehe yuko njiani anarudi, na hajui atasema nini. Kaa wewe mahali pake. Ungeinua kofia ile na kuiweka mikononi mwa nani? Na wale wawili wengine, ungewatazama usoni ukawaambia nini?