Pete Kumi na Mbili za Liwali

Liwali Mbwarahaji, mgeni mjini petu, hakupita dukani kwa sonara Shekuwe asichukue kitu bure. Kwanza alishika pete ya akiki.

"Hiyo ni ya aliyezaliwa Rajabu," Shekuwe alimwambia.

"Basi nilizaliwa Rajabu."

Kesho yake akaitaka ya feruzi, jiwe la Shaabani. Akazaliwa Shaabani. Wiki mbili hazijaisha, alikuwa amezaliwa miezi yote kumi na miwili, na vidole vimemwishia.

Kila mara Shekuwe aliomba jambo moja tu. "Niruhusu nikutangaze msikitini, Bwana Liwali."

"Tangaza, tena kwa sauti!"

Mwezi wa Rajabu ulipoandama, Liwali aliamka akaukuta mji mzima uani kwake, na masufuria na visu.

"Kuna nini?"

"Ada yetu, bwana," alisema Shekuwe kwa adabu. "Avaaye jiwe la mwezi wake huuchinjia mji ng'ombe mwezi huo ukiingia. Leo Rajabu. Shaabani tutarudi."

Liwali alizitazama pete zake, akaanza kuzivua moja moja.

"Sonara, mama amenikumbusha. Nilizaliwa mara moja tu."

"Mwezi gani, bwana?"

"Hilo hakumbuki," alijibu Liwali, akimkabidhi ya kumi na mbili.