Uso wa Bahati

Wapo wanaoisikia methali isemayo heri kufa macho kuliko kufa moyo wakadhani ni maneno matamu ya kumliwaza kipofu. Sivyo. Wahenga waliiweka misiba miwili kwenye mizani, wakaona upi mzito. Aliyepofuka hupapasa akafika. Aliyekufa moyo, hata njia ikiwa nyeupe mbele yake, hainui mguu. Yaliyowapata Houssein na mkewe Kulthumu, wa mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, yanatosha kuwa ushahidi.

Houssein alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Aliianza kazi hiyo angali kijana, mwaka wa uhuru, wafanyabiashara walipotaka ile ngoma iliyokuwa katikati ya bendera mpya ichorwe milangoni mwao. Vinyozi, wauza nguo na wenye vinu vya kusaga, wote walimjia. Alipomwoa Kulthumu, miaka minane baadaye, alikuta ameoa msichana mkimya ambaye kila akifagia ua huchora vitu kwenye vumbi kwa ncha ya ufagio, kisha huvifuta kwa aibu akisikia hatua za mtu. Mume mwingine angecheka. Houssein alimletea kopo la rangi na kipande cha ubao.

"Nichore nini?" Kulthumu aliuliza.

"Usiniulize mimi. Uliza mkono wako."

"Mkono iko na akili?"

"Iko nayo. We unaogopa nini? Ukiharibu, tutapaka nyeupe tuanze tena."

Hivyo ndivyo alivyomlea. Hakumpa picha ya kuiga wala hakumshika kidole. Alimwacha akosee mpaka akaacha kuogopa kukosea. Kulthumu alichora ng'ombe wa rangi ya buluu, na wateja walipoangua kicheko, Houssein aliwajibu taratibu kwamba wao walikuwa wamemwona ng'ombe tu, lakini mke wake alikuwa ameiona na baridi aliyoisikia ng'ombe huyo asubuhi ile. Wengine walitikisa kichwa. Mmoja aliinunua picha.

Walikaa miaka kumi na minne bila mtoto. Walipokaribia kukata tamaa wakajaliwa binti, wakamwita Bahati, naye akawa mboni ya jicho lao. Alikua katikati ya makopo ya rangi, na nguo yake ya shule haikukosa doa.

Mwaka 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, na petroli ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Bahati alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Homa ilimshika siku ya Jumatatu. Siku ya tatu, mchana, Kulthumu alimtuma jirani yao Chabani akamwite Houssein, aliyekuwa juu ya ngazi akimalizia kibao cha muuza vitenge.

"Mtoto amezidiwa," Chabani alisema.

"Herufi zimebaki mbili. Nakuja."

Akazimaliza. Alipofika nyumbani macho ya Bahati yalikuwa yamegeuka. Gari halikupatikana. Houssein alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mama afungavyo mwanawe, akapanda baiskeli, akakanyaga kwa nguvu zote. Kabla hajaliona lango la hospitali alihisi mzigo mgongoni umekuwa mzito kwa namna nyingine.

Daktari alimwambia kwamba malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani, na kwamba robo saa aliyoitumia kumalizia herufi isingebadili kitu. Houssein alimsikia, lakini maneno hayakuingia. Baada ya maziko alikusanya brashi zake zote, akazitumbukiza chooni. Kulthumu alipochukua mkaa siku ya arobaini ili achore kitu chochote ukutani, apate pa kuutua mzigo wake, Houssein alimnyang'anya.

"Ndani ya nyumba hii rangi imekufa," alisema. "Usiifufue."

Wakahamia Muyinga, katika nyumba ndogo ambayo Kulthumu aliachiwa na baba yake karibu na soko. Kulthumu akawa anauza vitumbua. Houssein alikaa kwenye benchi mlangoni kuanzia asubuhi hadi jua lilipozama, akiyatazama mabega ya wapita njia, si nyuso zao. Watu walimsalimu, akaitikia. Hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaacha mlango wazi.

Ndipo msiba wa pili ukaja. Kiza kiliingia kwanza pembeni mwa macho ya Kulthumu, kikasogea polepole kuelekea katikati. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba wamechelewa. Mwaka wa tatu tangu wahamie Muyinga, alikuwa haoni hata moto wa jiko lake, akaacha kukaanga vitumbua.

Jirani yake alikuwa Emérance, mwanamke wa Kivu aliyekimbia vita kwao, akawa muuza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Siku moja alimletea fungu la samaki lililofungwa kwa ukurasa wa gazeti la picha. Kulthumu aliwamimina samaki kwenye bakuli, lakini ile karatasi hakuitupa. Aliipitishia dole gumba. Ilikuwa laini na ya baridi. Akaipasua kidogo, akasikia ukingo wake ukiwa na manyoya manyoya.

"Emérance, uko na zingine?"

"Za kufanya nini? Ziko zinanuka samaki."

"We niletee tu."

Akaletewa karatasi hizo, na karatasi ngumu za mifuko ya saruji, na maganda makavu ya mgomba, na vipande vya vitenge vilivyookotwa kwa washonaji. Alipika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Kisha akaketi juu ya mkeka, kipande cha boksi mapajani, akawa anapasua na kubandika. Rangi ndizo zilizomsumbua.

"Papa Bahati," alimwita mumewe, "hiki kitambaa iko rangi gani?"

Houssein aliendelea kuwatazama wapita njia.

"Niambie tu. Iko nyekundu ama kijani? We ndiye uliyenifundisha rangi."

"Mi naona kitambaa," Houssein alisema bila kugeuka. "Kitambaa tu."

Jibu lile lilimchoma Kulthumu kuliko maneno ya daktari. Kwa siku kadhaa hakugusa kitu. Baadaye alimwomba Emérance awe macho yake, lakini Emérance alikuwa mtu wa soko, hakukaa nyumbani. Kwa hiyo Kulthumu aliamua kuachana na rangi kabisa. Akaanza kusikiliza vidole. Ganda la mgomba lilikuwa na ukavu wa ngozi ya mzee. Gazeti liliteleza kama maji. Mfuko wa saruji ulikuwa ardhi ya kiangazi, na kitenge kilichofuliwa mara nyingi kilikuwa shavu. Wasichana wa mtaani walianza kuja kumtazama, kisha kuketi, kisha kupasua karatasi zao wenyewe. Mmoja wao, Hidaya, alikuwa na mazoea ya kulalamika kwamba amekosea.

"Nani amekuambia umekosea?" Kulthumu alimwuliza. "Mkono wako ama watu?"

"Watu."

"Basi endelea."

Masika yote ya mwaka ule alikuwa na kazi moja aliyoificha kila watoto walipokuja. Alipoimaliza alimwita Emérance aitazame. Emérance alitua kapu lake chini.

"Eh, Mungu wangu! Huyu mutoto mi simujui, lakini iko karibu ya kuongea."

Kulthumu aliinuka mkekani. Akaishika picha kwa mikono miwili, akapapasa njia hadi mlangoni.

"Papa Bahati, ni yeye. Muangalie."

Houssein aliinua macho hadi kwenye vidole vya mkewe vilivyoshika boksi, akasita, akayageuzia ukutani.

"Ni matambara."

"Houssein, nakuomba."

"Nimesema ni matambara."

Asubuhi ya pili benchi lilikuwa tupu. Mtu mmoja alimwona akipanda lori la mkaa lililokuwa likielekea Gitega.

Picha ile haikudumu. Mvua ilivujia ukutani ilipotundikwa, gundi ikaoza, mchwa wakamalizia. Kulthumu alisikitika, ila hakulia sana. Uso wa mwanawe ulikuwa vidoleni mwake. Alitengeneza mwingine, kisha mwingine, na katika kila mmoja Bahati alikuwa amekua kidogo. Wasichana waliongezeka mpaka mkeka haukuwatosha. Lakini kila jioni Kulthumu aliligusa lile benchi kabla ya kufunga mlango, na kila jioni lilikuwa baridi.

Miaka mitano ilipita. Chabani, jirani yao wa zamani wa Gitega, akaleta habari kwamba Houssein alikuwa akilinda ghala moja mtaa wa Musinzira, na kwamba sasa ini lilikuwa limemwangusha kitandani. Kulthumu alisafiri hadi Gitega, Emérance akimshika mkono. Walimkuta katika chumba cha kupanga kisicho na kitu ila kitanda na ndoo. Kulthumu alikaa pembeni mwa kitanda, akaupapasa uso wa mumewe. Mifupa ilikuwa imechomoza.

"Macho yako yangali mazima?" aliuliza.

"Mazima. Naona hata inzi ukutani." Houssein alivuta pumzi. "Mama Bahati, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Mtoto wetu alikuwa anafanana vipi?"

Emérance aliziba mdomo kwa kiganja. Houssein aliendelea:

"Miaka yote niliukimbia uso wake. Sasa niko nautafuta, hauko. Nafunga macho, hauko. Nafungua, naona ukuta."

Kulthumu alikichukua kiganja cha mumewe, akakikunjua. Kwa ncha ya kidole akaanza kumchorea humo, taratibu, huku akimweleza. Paji lilikuwa pana, la upande wa kina Houssein. Nyusi ya kushoto ilitangulia kupanda alipotaka kucheka. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Kidevu kilikuwa kidogo, na chini yake palikuwa na kovu la kuanguka kisimani. Alichora mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Umemwona?"

Houssein alifumba macho. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

"Nasikia kidole chako," alisema. "Yeye simwoni."

Alikufa siku ya pili kabla ya sala ya alasiri. Emérance ndiye aliyemfumba macho, na alisema baadaye kwamba yalikuwa safi, hayana hata ukungu, kama ya kijana. Wakamzika Gitega, lakini si kwenye makaburi alikolala binti yake, kwa kuwa huko nafasi ilikuwa imekwisha.

Kulthumu alirudi Muyinga. Wasichana walimjia kumpa pole, wakaketi mkekani. Alilia mbele yao bila kujificha. Kisha akanyoosha mkono, akaomba apewe karatasi ya saruji, ile ngumu kuliko zote, akaanza kuipasua. Huyo ndiye aliyekuwa kipofu. Mwenye macho alikuwa amezikwa, na kabla hajazikwa alikuwa amemtafuta mwanawe kote asimwone. Kweli, heri kufa macho kuliko kufa moyo.