Mchoraji Aliyeambiwa Arudi Nyumbani

Kaeni vizuri, wapendwa. Mama pale nyuma, mnyonyeshe mtoto hapo hapo, usitoke. Ninachotaka kusema leo si kirefu, na ningependa wote mkisikie.

Kulikuwa na mchoraji mmoja huko India, zamani za gari moshi la makaa. Tumwite Madhavan. Kazi yake ilikuwa kuchora miungu ya Wahindu na masimulizi yao ya kale. Picha za namna hiyo mmeziona. Unaingia duka la vitambaa, unainua macho juu ya rafu, unamwona mama mwenye mikono minne amesimama juu ya ua la majini, taji kichwani, na kijiti cha ubani kinafuka mbele yake. Sikusimama hapa kujadili dini ya jirani. Nataka kuwaeleza habari za mtu.

Madhavan alikuwa na kipaji cha kutisha. Watu wa mji wake walizoea sanamu za mawe, macho yametoka, mikono imekakamaa. Yeye aliwachora miungu wakiwa na damu mwilini. Ukitazama sari aliyoichora, unatamani kuigusa ujue kama ni hariri kweli. Wafalme wakamwita, leo jumba hili, mwakani jumba lile. Kazi zake zikachapwa kwenye karatasi, zikafika hadi kwenye vibanda vya watu wa tabaka la chini ambao hawakuruhusiwa hata kukanyaga ngazi za hekalu. Watu wakasema, huyu ametuletea mbingu nyumbani.

Na nyumbani kwake mwenyewe je? Nyumbani alikuwa na mke, Kalyani, katika nyumba ya vigae kando ya mto. Walikuwa wameishi pamoja miaka miwili tu alipoitwa mara ya kwanza. Akamwambia, “Nakwenda kumaliza picha moja. Nitarudi kabla ya mvua.”

Mvua ikanyesha. Picha moja ikazaa nyingine. Mwanzoni barua ilikuja kila mwezi, baadaye kila sikukuu, baadaye mtu akipita tu na salamu. Hivyo hivyo miaka kumi na miwili.

Msimchukie. Hakuwa mlevi, hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa na kazi. Nani kati yetu hapa hana kazi?

Sasa, mwaka ule wa kumi na mbili, mfalme mmoja mzee alimwagiza picha ya Sita. Katika masimulizi yao, Sita alikuwa mke wa mwana wa mfalme aitwaye Rama. Akatekwa na mfalme wa mashetani, akavushwa bahari, akafungiwa katika bustani kisiwani. Humo alikaa akimngoja mumewe aje kumkomboa. Yule mfalme mzee alitaka hapo hapo, Sita bustanini, anangoja.

Madhavan akachora miti, jani kwa jani. Akachora walinzi. Akachora mkono wa Sita umeshika shina la mti. Uso ukamshinda. Alileta waimbaji, akaleta wake za makarani, akawaambia, “Kaa kama mtu anayengoja.” Wote walifanya huzuni. Lakini huzuni ni kitu kingine, wapendwa. Mwenye huzuni anatazama chini. Anayengoja anatazama mbali. Miezi saba ile picha ilikaa bila uso.

Akachoka. Akasema, ngoja niende nyumbani nikapumzike kidogo. Siku mbili kwenye gari moshi, kisha mtumbwi, kisha miguu. Hakupeleka taarifa. Alifika asubuhi, jua limeshapanda. Kalyani alikuwa ameketi kibarazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Na kabla hajamwona mtu, akainua kichwa akatazama njia. Hakuwa amesikia kitu. Ni mazoea tu. Miaka kumi na miwili shingo yake ilikuwa ikigeuka upande ule yenyewe.

Madhavan akasimama pale kwenye ua wa nyumba. Moyo ukamwenda mbio. Ningependa kuwaambia ulikwenda mbio kwa kumwona mkewe. Lakini alichosema moyoni ni hiki: “Ndio huu! Uso ndio huu!” Akafungua mkoba, akatoa karatasi na penseli.

Kalyani akamwona. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika.

“Ni wewe?”

“Ni mimi. Usisogee.”

“Niache nije nikushike mkono nijue kwamba umefika.”

“Nakuomba, Kalyani, baki hapo hapo. Itazame njia vile vile ulivyokuwa ukiitazama.”

“Lakini niliyekuwa nikimtazamia njiani amesimama hapa.”

“Kidogo tu. Kidogo tu, halafu tutazungumza.”

Naye akakubali. Akageuza uso, akaitazama njia isiyokuwa na mtu, na mume wake amesimama hatua kumi kutoka kwake. Hebu mfikirieni mwanamke huyo. Ni nani hapa aliyewahi kuwa hatua kumi kutoka kwa mtu wake, na bado anamngoja?

Adhuhuri kazi ikaisha. Madhavan akala, akausifu mchuzi, akasimulia habari za bustani na walinzi na jani kwa jani. Kesho yake asubuhi akafunga mkoba. “Uso bado uko mbichi kichwani,” akasema. “Nikiimaliza hii narudi moja kwa moja.” Kalyani alimbebea mkoba mpaka kwenye mtumbwi.

Picha ikakamilika. Siku ya kuifunua, wazee wenye vilemba walilia mbele za watu. Kila mmoja alimwona mtu wake pale, mama, au dada aliyeolewa mbali. Mfalme, ambaye mkewe alikuwa ameshafariki, alikaa mbele yake muda mrefu. Kisha akauliza, “Mchoraji, huyu hukumbuni. Ni nani?”

“Ni mke wangu, mtukufu.”

“Anamngoja nani?”

“Ananingoja mimi.”

Mfalme akamgeukia. “Sasa wewe unafanya nini hapa?”

Hakuna aliyecheka. Na Madhavan hakungoja karamu, hakungoja zawadi. Aliziacha brashi zake kwenye kopo la mafuta, akatoka. Njiani, ndani ya gari moshi, alikuwa akijifunza maneno. Nitamwambia hivi. Hapana, nitaanza na hivi. Abiria mwenzake akadhani anasali.

Akafika. Msiogope, Kalyani hakuwa amekufa. Alikuwa mzima, ndani na wasichana watano wa jirani, anawafundisha kusoma. Akatoka mlangoni, akamletea maji ya kunawa miguu, akamvutia kiti. “Karibu,” akasema. Kama unavyomkaribisha mgeni mwenye heshima zake.

Madhavan akautafuta uso ule. Haukuwepo.

“Kalyani, nimerudi. Safari hii sina karatasi.”

“Naona.”

“Hukuwa ukiningoja?”

“Nilikungoja miaka kumi na miwili,” akasema, wala hakupaza sauti. “Siku ile ulipokuja nilidhani kungoja kumekwisha. Ukaniambia niendelee kuitazama njia. Ulipoondoka nikaketi pale pale, nikainua kichwa nitazame, nikakuta sina tena cha kutazamia. Sina hasira nawe, bwana. Kaa, ule. Nyumba ni yako. Lakini hicho unachokitafuta usoni kwangu ulikichukua siku ile na penseli yako. Mimi sinacho tena.”

Akarudi ndani kwa wanafunzi wake.

Madhavan hakuondoka. Alipewa chumba cha nje. Hakuchora mfalme wala mungu yeyote tena. Kila asubuhi aliketi kibarazani, anaisikia sauti ya mkewe ikisomesha ndani, na kila mlango ulipolia aligeuza shingo, labda anaitwa. Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Kule mbali watu walikuwa wakiendelea kulia mbele ya picha.

Ndugu zangu, sisi nasi. Mungu anatungoja na hachoki. Hilo nitalihubiri mpaka mnizike. Lakini tumeichukua subira ya Mungu, tukadhani na wanadamu wote wanayo. Mama yako si Mungu. Mkeo si Mungu. Yule mtoto uliyemwacha kwa bibi yake, ukamwambia utamfuata shule zikifungwa, shingo yake inageuka kila basi likipita, na siku moja itaacha kugeuka. Hatakutukana. Atakupa kiti, atakupa maji, atakwambia karibu.

Na wengine wetu tunafika, lakini tunafika kama Madhavan. Krismasi tunakwenda kijijini, tunampanga mama mbele ya nyumba, “Mama, tabasamu, tazama huku,” tunampiga picha, tunaituma kwa marafiki, watu wanasifu, na tunaondoka ugali ukiwa bado jikoni.

Mnacheka. Basi nami niseme la kwangu.

Nina dada yangu mkubwa, yuko Lushoto. Wazazi walipokufa yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Mnamjua. Nimesimulia habari zake hapa, nimezisimulia katika sharika nne, mkutano wa Pasaka mlilia mpaka kwaya ikashindwa kuimba. Mlinisifu sana siku ile. Mimi sijakanyaga kwa dada yangu tangu mwaka juzi. Wiki hii nilikuwa naandaa mahubiri ya leo, nikaandika swali la yule mfalme, nikaweka kalamu chini, sikuweza kuendelea.

Kwa hiyo leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Mzee wa kanisa atafunga ibada na kusoma matangazo. Basi la Lushoto linaondoka saa sita, na mkoba wangu uko hapo nyuma ya madhabahu. Sijui nitapokelewaje. Labda nitapewa kiti na maji tu, na itakuwa haki yangu.

Wewe nawe, unaye wako, na unajua ni nani. Unafanya nini hapa?

Simameni, tuombe kwa kifupi, tuondoke.