Mkeka Mmoja wa Nyamizi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso. Leo nimeleta kesi, na mahakimu ni ninyi.

Upande wa Sikonge walikuwepo watu watatu. Maganga, wa maabara ya kituo cha afya, alijaliwa macho: kitu kikibadilika kidogo tu, yeye keshakiona. Nesi Kabula alijaliwa ulimi laini, hata aliyenuna alimweleza ya moyoni. Wa tatu ni Milembe, fundi cherehani. Huyu watu walisema hana alichojaliwa ila haya, tena haya kupita kiasi.

Dada yake Milembe, Nyamizi, alikuwa kwenye dawa za VVU. Kila mwezi vidonge vya kopo lake vilihesabiwa, na hakikubaki cha ziada hata kimoja. Manesi wakamsifu. Lakini mwili ulikuwa unaisha.

Akapelekwa maabara apimwe wingi wa damu, basi. Maganga akapima, kisha akafanya ambalo hakuombwa: akafukua majibu ya mwaka jana. Dawa aliyopewa Nyamizi huzifanya chembe nyekundu za damu ziwe kubwa kuliko kawaida. Mwaka jana zilikuwa kubwa. Sasa zimerudi udogo wake wa zamani.

"Nesi," akasema, "kopo linasema anameza. Damu inakataa."

Watu wa namna hii nawapenda, siwafichi.

Kabula hakufoka. Mwingine angeuliza, "Kwa nini humezi?" Yeye alifunga mlango, akauliza, "Mama, vidonge vinakwenda kwa nani?"

Nyamizi akaangua kilio. Kuna mtu ambaye yeye Nyamizi alikuwa akimgawia, mwanzo nusu, baadaye karibu vyote. Jina hakulitaja.

"Mkigawana hivyo hamponi hata mmoja," Kabula akamwambia. "Mwambie aje. Vyake vipo."

Jumatano, siku ya kliniki, benchi limejaa, akaingia Milembe. Milembe yule yule aliyeapa kwamba heri afe kuliko kuonekana pale! Khanga ilikuwa mabegani, uso wazi. Akapita mbele ya majirani na wateja wake.

"Anayekula vidonge vya dada ni mimi," akasema. "Nipimeni, mnipe vyangu."

Leo wote wawili wazima, na damu ya Nyamizi haibishani tena na kopo lake. Kwa furaha Nyamizi akasuka mkeka wa ukindu, miezi mitatu, akauleta kituoni kushukuru. Mkeka ni mmoja, na mkeka haukatwi vipande.

Maganga akasema, "Mpe Kabula. Mimi niliona tu, la kukuambia nisingelijua."

Kabula akasema, "Mpe mdogo wako. Mimi niliuliza nimekaa kwenye kiti. Yeye alipita mbele ya watu."

Milembe akasema, "Dada, mpe Maganga. Angenyamaza, ningekuzika kwa mikono yangu, kisha nikufuate."

Nyamizi bado kasimama, mkeka uko begani, machozi yanamtoka. Je, wewe ungekuwa yeye, ungemtandikia nani?