Siku Tuliyomkumbuka Bi Mwanasha

"Kabla ya kumlilia jirani, piga hodi." Mmeisikia leo, wadogo zangu, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Mtaa wetu wa Mikoroshini uliamua kuwa na Siku ya Mtaa, tukumbuke tulikotoka. Na nani wa kukumbukwa kama si Bi Mwanasha, mtu wa kwanza kujenga hapa, aliyechimba kisima akawaachia wote wachote? Bahati mbaya, alikuwa amefariki. Hakuna aliyeuona msiba wenyewe, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa tangu masika. Mmoja alisema pengine amekufa. Habari ilipofika mwisho wa mtaa, alikwishazikwa Pangani, na wapo walioapa kwamba walibeba jeneza.

Basi kamati ikaamua, kwa heshima kubwa, nyumba yake ya udongo ibomolewe, pajengwe mnara wa kumkumbuka.

Siku ikafika. Pilau ikapikwa, ngoma ikapigwa, kipaza sauti kikafungwa barazani kwake. Mwenyekiti Kibwana akasoma risala, akalia, akajifuta, akalia tena. Kisha akashika nyundo.

Mama Chausiku, muuza vitumbua, akanong'ona, "Mwenyekiti, si tupige hodi kwanza?"

"Hodi kwa marehemu? Unataka nani aitikie, mama?"

Watu wakacheka. Nyundo ikatua ukutani. Udongo ukamwagika, tundu likatokea, na ndani ya tundu likatokea jicho.

"Nani huyo anayeingia bila hodi?"

Ngoma ilinyamaza. Mwenyekiti alibaki kinywa wazi, nyundo juu. Wale waliobeba jeneza walikuwa wa kwanza kukimbia.

"Bi... Bi Mwanasha?"

"Risala nimeisikia yote, Kibwana. Umenisifu sana. Sasa mbona unanibomolea? Nimeita mpaka koo limekauka, kipaza sauti chenu kikanimeza."

"Tulijua umefariki, Bibi."

"Mlimuuliza nani?"

Kumbe magoti yalikuwa yamemkataa Bibi, hafiki tena mlango wa mbele; kitanda chake kilikuwa kando ya ukuta ule ule. Watu wa mtaa wa nyuma ndio waliomletea uji kwa mlango wa uani kila asubuhi. Sisi tuliokunywa maji ya kisima chake, hata mmoja hakuwahi kubisha.

Kicheko kilituisha. Mwenyekiti akaweka nyundo chini, akasimama mbele ya tundu alilolitoboa mwenyewe.

"Hodi, Bibi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya tena. Tukaanza kuogopa kwamba safari hii tumemuua kweli.

"Hodi, mama yetu!"

"Karibuni," akasema. "Mje na pilau. Na mje na udongo wa kuziba ukuta wangu."

Mnara haukujengwa. Siku ya Mtaa ipo hadi leo, ila haianzi kwa risala. Huanza kwa kupita mlango hadi mlango, mwenyekiti akiwa mbele, mikono mitupu. Nanyi mkimsikia akiwaambia watoto maneno yale, msicheke. Anayasema akiwa na haya bado usoni: kabla ya kumlilia jirani, piga hodi.