Ukungu, Farasi Aliyetuzungushia Nchi

Sikieni, ninyi nyote mliozaliwa ndani ya mzunguko. Zamani zile, kabla mahali hapa hapajawa na jina, babu zetu walikuwa watu wa kulala kwenye mabanda ya tajiri na kuamka kwa kengele ya tajiri. Wakati huo ndipo alipozaliwa huku juu, kwenye baridi, Ukungu mwana wa Radi, na Radi alikuwa mwana wa yule farasi jike mweupe aliyekuja kwa meli na kupanda kwa gari moshi mpaka mlimani. Hakuna aliyemwona akizaliwa. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, na ulipoondoka, kipande kimoja kilibaki kimesimama kando ya mama yake, kina miguu minne na masikio.

Aliyempokea ni Arap Sirma, saisi, mtu wa kulisha farasi na kuwaosha. Ndiye aliyemfundisha kushikwa, kuvaa hatamu, kuamini mkono wa mtu.

Siku ya kwanza walipompeleka mjini kwenye uwanja wa mbio, watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Sirma! Huyo ni farasi au punda mmempaka majivu?"

"Mtazameni vizuri sasa," Sirma akajibu, "maana akianza kukimbia hamtamwona."

Na kweli. Alitoka nyuma ya wote, amelegea kama anayeota, halafu kwenye kona ya mwisho akapita katikati yao kama moshi unavyopita kwenye nyasi za paa, na joki aliyekuwa mgongoni alisema baadaye kwamba hakusikia miguu ikigusa chini. Akavuka mstari wa mwisho mbele ya wote; ndipo uwanja mzima ukapiga kelele, na kelele zile zilipompata, Ukungu akapunguza mwendo, akatembea. Alijua mwenyewe kwamba watu wakishangilia, kazi imekwisha.

Miaka ikapita, naye akishinda. Aliwashinda farasi wa pwani na farasi wa bara, wale weusi wenye vifua kama milango, wale wekundu waliotoka ng'ambo kwa ndege. Mla-Upepo, wakamwita. Kijivu Asiyeshikika. Na kila baada ya mbio Sirma alimtembeza taratibu ili kumpoza, akimwimbia chini chini wimbo usio na maneno, na farasi akisikia wimbo huo hakusimama mpaka jasho limekauka na Sirma amesema, "Basi, baba." Maneno hayo yalikuwa ya Sirma peke yake. Hata joki hakuthubutu kuyasema.

Kisha tajiri, Bwana Ferris, akazeeka, akataka kuuza shamba arudi kwao. Babu zetu wakaingiwa na baridi ya moyo, kwa sababu walizaliwa pale na hawakuwa na kwingine. Sirma akaenda kumwuliza, "Bwana, sisi utatuacha wapi?"

Bwana Ferris akaagiza watu wote waitwe. Kisha akatoa tamko mbele ya watu wote, akasema: "Ukungu akishinda Kombe Kuu, nitamwachilia hapa bondeni, bila kushikwa na mtu. Ardhi atakayoizunguka kabla hajasimama ni yenu."

Akashinda. Alikuwa mzee tayari, nywele za uso zimekuwa nyeupe, na hata hivyo akashinda.

Asubuhi yake wakaweka jiwe la kuanzia bondeni, wakamvua hatamu. Mnunuzi wa ardhi itakayobaki naye alikuwepo, mtu wa buti mpya, anatabasamu. Ukungu akaondoka mbio, na babu zetu, kwa furaha, wakafanya kosa ambalo hakuna mwingine angelifanya ila watu wanaompenda: wakamshangilia. Wakapiga vigelegele bonde zima.

Naye akasikia. Akapunguza mwendo. Akaanza kutembea, kichwa kikishuka kwenye nyasi.

"Haya, chukueni shamba lenu," mnunuzi akacheka. "Linatosha kuanika shati."

Hapo Tabarno, mke wa Sirma, akafoka: "Nyamazeni, ninyi! Kelele za nini? Mnamwambia kazi imekwisha! Na wewe baba Chebet, umesimama tu kama nguzo? Mwimbie!"

Sirma akaimba. Sauti ilitoka nyembamba, inatetemeka, ule wimbo usio na maneno. Sikio moja la farasi likageuka. Kichwa kikainuka, na miguu, ambayo ilikuwa imebakiza kidogo tu isimame, ikaendelea kutembea.

Pale sauti ya Sirma ilipokoma kufika, Tabarno akaipokea. Alipopungukiwa yeye, wanawake wa mtoni wakaipokea, kisha wakata-nyasi wa upande wa pili, hata ukawa ni mlima wenyewe unaoimba usingizini. Naye akatembea. Akavuka mto, akapita msitu wa mianzi, akazunguka malisho yote ya juu, akionekana na kupotea, akionekana na kupotea, mpaka jioni akatokea upande wa pili wa bonde na kulipita jiwe. Mzunguko ukafungika.

Watu wakanyamaza wakimtazama Sirma aseme yale maneno yake. Sirma akafungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemjaa kooni, na sauti haikutoka.

Ukungu hakusimama. Nani alimwambia asimame? Akapanda taratibu kuelekea kwenye weupe uliokuwa ukishuka mlimani, akaingia ndani yake, na Sirma alipokimbia kumfuata alikuta alama za kwato kwenye umande, zinafifia, zinafifia.

Tangu hapo, asubuhi za ukungu, kijiji kizima kilimsikia akizunguka kwenye njia yake, ambayo ndiyo mpaka wetu mpaka leo, wala hatujaweka ua. Sirma alitoka kila mara kumwita, lakini hakuwahi kumkuta. Akazeeka hivyo.

Siku ya kufa kwake, asubuhi nyeupe kabisa, Tabarno alikuwa amemshika mkono. Kwato zikaja, taratibu, zikafika nyuma ya ukuta. Koo la Sirma likafunguka.

"Basi, baba," akasema.

Na nje, kwato zikasimama.