Kesi ya Kabichi Saba

Mbuzi wa Bi Sihaba aliingia bustani ya shule akala kabichi saba. Kamati ya shule ikamweka Wakili Mbwambo, kesi ikaenda miaka mitatu, na michango ya wazazi yote, hata ile ya dari ya madarasa, ikaishia kwake. Wazazi walipochachamaa, kamati ikawajibu kwamba mkaidi ni Bi Sihaba, hataki kukiri kosa.

Siku ya mkutano wa wazazi, Bi Sihaba alimvuta wakili pembeni, akamwingiza kwenye darasa tupu na kufunga mlango.

"Mwanangu, nimechoka. Leo nakiri, na kabichi nazilipa."

Wakili aliruka kama aliyekalia siafu. "Usithubutu, Bibi! Ukikiri, kesi inakufa."

"Sema kwa nguvu, masikio yangu mazito."

"Nasema endelea kukataa! Kila kesi ikiahirishwa, mimi nalipwa. Hizo kabichi hata mimi ningezilipa kwa hela ya soda!"

"Na wazazi wakijua?"

"Watajulia wapi wale? Wakipigwa hotuba wanapiga makofi. Shika elfu hamsini, ukamnunulie mbuzi pumba."

Bi Sihaba alizifunga noti kwenye pindo la kanga. Mara sauti ya mzazi ikatoka ng'ambo ya ukuta, kwenye darasa la mkutano: "Bi Sihaba, mwambie arudie hapo pa pumba! Sisi wa nyuma hatukusikia."

Wakili aligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa umefungwa vilevile.

"Usitazame mlango, mwanangu," alisema Bi Sihaba. "Tazama juu. Ukuta umeishia njiani, na hela ya dari ulikula wewe."